Jiwe la Lugembe

Lugembe, tajiri wa Mwanza, alikuwa na mchezo wake mchafu. Akinunua kitu mtandaoni, anadai amekuta jiwe kwenye boksi, anarudishiwa hela na kitu anabaki nacho. Mjane mmoja wa Tanga, Sikudhani, alilijua hilo, lakini kamera ya marehemu mumewe akamuuzia vilevile.

Boksi lilipofika kwa basi, simu ya Sikudhani ikalia.

“Dada, umenitumia jiwe!”

“Pole, kaka. Boksi umelifungua mwenyewe?”

“Kwa mikono yangu hii! Jiwe jeusi. Rudisha hela.”

“Makubwa! Mimi humo nilitia barua tu, ya kukuelekeza kwa karani wa mizigo. Kamera anayo yeye, mtaifungua pamoja.”

 Kwenye simu Sikudhani akasikia selotepu ya boksi ndiyo kwanza inabanduliwa.