Hukumu ya Bwana Fulani

"Hukumu ya tatu haina mlango." Mliisikia jana kwa Mama Righa, alipomkatiza yule wakili aliyekuja kuomba kura. Watu wakacheka, na ninyi mkacheka, ingawa niliwaona hamjui mnachekea nini. Leo mmekuja kuniuliza. Vizuri. Kaeni. Mwadime, kunja miguu, nisije nikakukanyaga nikienda kuangalia chai.

Hii si methali ya wahenga wasio na majina. Ilitoka mahakamani, siku ya Alhamisi, mchana kweupe, na kinywa kilichoitoa ni cha babu yangu mzaa baba, Nyambu, aliyekuwa mkalimani wa mahakama ya wilaya. Kwa hiyo nikipandisha sauti katikati mnivumilie. Wengine hurithi ng'ombe. Mimi nilirithi hasira hii.

Wakati huo, enzi za Wazungu, hakimu wetu alikuwa Mskoti. Jina lake Gilfillan. Watu wa hapa walijaribu kulitamka wiki nzima, likawashinda, wakasema basi, awe Bwana Fulani. Mwenyewe alidhani ni cheo.

Nisimsingizie. Mwanzoni alikuwa mtu wa haki. Mnyapara mmoja wa shamba la mkonge alimvunja mfanyakazi kidole kwa fimbo, na Bwana Fulani akamfunga miezi mitatu, masetla, wale Wazungu wenye mashamba, wakanuna mpaka Krismasi. Alikuwa na kopo jeusi la bati lenye jina lake kwa rangi ya dhahabu, na ndani yake nywele za bandia za mawakili wa kwao, zilizoshonwa kwa singa za farasi. Huku hakuzivaa, joto lingemuua. Lakini mara moja kwa mwaka alizitoa zipate hewa, na mpishi wake aliapa kwamba kuku aliwahi kutagia humo mayai mawili.

Bwana Fulani alipenda kumsimulia babu habari za kwao. Babu yake alikuwa wakili, akaingia Bunge, akatoka Bungeni akawa jaji. Baba yake vivyo hivyo. Kule Uskoti zamani, alisema, wakili mkuu wa serikali alikuwa mwanasiasa huyo huyo: anashtaki watu, anasimama Bungeni, na kiti cha ujaji kikibaki wazi, kinamwita.

"Ni ngazi, Nyambu," alimwambia. "Sheria ni kidato cha kwanza tu."

Babu alisoma misheni na alijua kunyamaza. Alinieleza baadaye kwamba siku ile alijiuliza jambo moja: huyu akipanda, anayeshika ngazi chini ni nani?

Sasa njooni kwa Mkacharo.

Mkacharo alikuwa mjane mwenye shamba pale chini ya mlima, kijiji cha Mwakaleri. Maji yake yalikuja kwa mfereji. Ninyi mnajua bomba. Mfereji ni kazi ya mikono: babu za mume wake waliuchimba kutoka kwenye chemchemi, ukazunguka mwamba, ukashuka mpaka kwenye mahindi. Ndipo likaja shamba la mkonge likachukua ardhi iliyo katikati. Meneja wake, Bwana Thorne, ambaye kila mtu alimwita Bwana Mkonge, mwaka mmoja wa ukame aliweka lango la mbao kwenye mfereji na kulipiga kufuli. Maji yote yakageuka kwenda kwenye mashine yake ya kuchakata mkonge.

Mkacharo alikwenda kumwomba mara tatu. Mara ya tatu alifunguliwa mbwa. Mara ya nne hakuomba, alikwenda na mchi wa kinu, akalivunja kufuli. Maji yakashuka. Siku mbili mahindi yalikunywa. Siku ya tatu yeye akakamatwa kwa kuharibu mali ya shamba, na kufuli jipya likawekwa, kubwa kuliko la kwanza.

Siku ya kwanza ya kesi Bwana Fulani aliongea vizuri hata babu alifurahia kumtafsiri. Alisema, "Jambo hapa ni moja. Kama mfereji ni wa shamba, mama huyu ana hatia. Kama mfereji ni wake, basi hana hatia, na aliyekosa ni kufuli."

Watu wote wakaelewa. Mnaona? Haki ikisemwa sawasawa hata kuku anaielewa.

Mashahidi wakaja. Wazee wawili walitaja majina ya waliouchimba. Ramani ya serikali ikaletwa, imechorwa kabla shamba la mkonge halijakuwapo, na mfereji umo, mstari wa buluu. Mwishoni Bwana Mkonge mwenyewe aliulizwa, "Ulipofika ulikuta maji yakipita?" Akajibu, "Nilikuta yakipita, lakini yalikuwa yanapotea bure kwenye mahindi."

Bure kwenye mahindi. Babu alilazimika kutafsiri hilo, na hakulisahau.

Kesi ikaahirishwa wiki mbili isubiri hukumu. Na katika wiki hizo mbili habari ikaenea: Bwana Fulani anagombea kiti katika Baraza la Kutunga Sheria. Angeacha uhakimu mwisho wa mwezi. Wapiga kura wa sehemu hii walikuwa mia moja na ushee, wote masetla, na nusu yao walikuwa wakila chakula kwa Bwana Mkonge kila Jumamosi.

Mtu mwenye haya angefanyaje hapo? Angesema, kesi hii mpeni mwenzangu, mimi nina shughuli na watu hawa. Ama angeacha uhakimu kwanza, ndipo aende kuomba kura. Yeye alivuka mto akiwa na mguu mmoja kila ng'ambo, na sisi tukawa ndio maji ya katikati.

Alhamisi ya hukumu ikafika. Ile mahakama ilikuwa chumba kimoja kirefu. Mlango wa kushoto ulikwenda korokoroni. Mlango wa kulia ulikwenda nje, uwanjani, ambako nusu ya Mwakaleri ilikuwa imekaa kwenye nyasi. Nyuma ya kiti cha hakimu kulikuwa na mlango mdogo wa kwake, unatokea kwenye varanda ya ofisi. Mkacharo alisimama kizimbani, na kando yake Askari Musyimi, Mkamba mmoja mwaminifu sana, mtu wa kufuata amri mpaka kwenye koma na nukta.

Bwana Fulani alisoma karatasi zake nusu saa. Kisha akatamka neno la Kiingereza ambalo babu hakuwahi kulisikia likitajwa kama hukumu. Babu akauliza:

"Samahani, Bwana Hakimu. Ana hatia, au hana hatia?"

"Si hilo wala lile," akasema. "Kwetu Uskoti kuna hukumu ya tatu. Mwambie mashtaka hayakuthibitika."

Babu akageuka. "Anasema mashtaka hayakuthibitika."

Mkacharo alifikiri kidogo. "Kwa hiyo sina hatia."

Babu akatafsiri. Bwana Fulani akakuna shavu. "Sikusema hivyo."

"Kwa hiyo ninayo."

"Sikusema hivyo pia."

"Nyambu mwanangu," Mkacharo akasema, "wewe ndiye unamtafsiri vibaya, au yeye ndiye anajitafsiri vibaya?"

Wazee wawili wa nyuma wakacheka, na Bwana Fulani akagonga meza. Askari Musyimi alikuwa amemshika Mkacharo mkono, na shida yake ilikuwa imeanza. Alimvuta hatua mbili kushoto, akasimama. Akamrudisha hatua mbili kulia, akasimama. Mwishowe akapiga saluti.

"Afande, nimpitishe mlango gani?"

"Aende zake."

"Kwa mlango wa wasio na hatia, afande?"

"Nimesema aende zake. Hatafungwa."

"Na kufuli?" Mkacharo akauliza. Alisema neno hilo kwa Kiswahili, polepole, na babu alisema hakukuwa na haja ya kulitafsiri.

Bwana Fulani akaanza kupanga karatasi zake. "Mwambie kwa kuwa mahakama haikuamua mfereji ni wa nani, vitu vitabaki kama vilivyo."

Mnaisikia hiyo? Vitabaki kama vilivyo. Kwa mtu mwenye kufuli, maneno hayo ni ushindi mtupu. Kwa mtu mwenye mahindi yanayokauka ni kifungo, isipokuwa gereza lenyewe ndilo shamba lake. Na huyu mtu alikuwa na ramani. Alikuwa na mstari wa buluu mbele ya macho yake. Hata hiyo hukumu ya tatu sheria ya hapa haikuijua. Aliibeba kutoka kwao kama lile kopo lake, akaifungua siku aliyoihitaji.

Akainuka, akatoka kwa mlango wake wa nyuma. Mkacharo akabaki katikati ya chumba, na Musyimi kamshika mkono bado, kwa sababu hakuna aliyemwambia amwachilie.

"Askari," Mkacharo akasema, "wa kushoto si wangu?"

"Si wako, mama."

"Na wa kulia nikipita, kufuli litatoka?"

"Halitatoka, mama."

"Basi nifuate," akasema, na akapanda jukwaa la hakimu, akazunguka kiti, akaufungua ule mlango mdogo. Musyimi alimfuata kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutomwacha mshtakiwa peke yake. Babu alifuata kwa kuwa miguu yake haikumuuliza.

Kule varanda walikuwa masetla sita na mezani kuna chai na keki. Bwana Mkonge alikuwa amemshika hakimu bega. Walipomwona Mkacharo, mmoja akabaki na keki mdomoni.

"Nimepita mlango niliouona uko wazi," Mkacharo akasema. "Sasa hapa si mahakamani. Niambie mbele ya hawa unaowaomba kura. Mfereji ni wa nani?"

Babu alitafsiri neno kwa neno. Bwana Fulani alimtazama Bwana Mkonge, kisha akaitazama kofia yake mezani.

"Mwambie," akasema, "nikiingia Barazani, nitaleta hoja ya sheria ya maji. Jambo hili ni kubwa. Linahitaji Baraza."

"Lini?" Mkacharo akauliza.

"Mwakani. Pengine mwaka unaofuata."

Mkacharo akavuta leso yake begani. "Mwambie mahindi yangu hayapigi kura. Yanakufa wiki ijayo."

Babu alitafsiri na hilo. Mtu mmoja akamimina chai.

Wakashuka ngazi za varanda, wakazunguka jengo mpaka uwanjani. Watu wote wakasimama kwenye nyasi. "Ameachiliwa?" "Amefungwa?" "Mbona anatoka upande ule?" Walimwuliza Musyimi, akainua mabega. Wakamgeukia babu. Mmoja akamwambia kwa kejeli, "Wewe si mkalimani? Tafsiri."

Nyambu alikuwa amefanya kazi miaka tisa akipitisha maneno ya watu wengine kinywani mwake, bila kuongeza lake hata moja. Hiyo ndiyo kazi ya mkalimani, na aliniambia aliionea fahari. Siku ile alitafuta maneno ya Bwana Fulani ayageuze Kiswahili, akaona hakuna kitu ndani yake cha kugeuza. Akasema la kwake.

"Kuna ya kufungwa na kuna ya kuachiliwa. Huyu amepewa ya tatu. Hukumu ya tatu haina mlango."

Hawakucheka siku hiyo. Walirudi nalo nyumbani, na kufikia Jumapili lilikuwa limefika mpaka kwenye mashine za mkonge. Bwana Mkonge alilisikia pia, akauliza limetoka kwa nani. Jumatatu babu alikuta kiti chake kimekaliwa na karani mwingine.

Mahindi yalikauka siku ya kumi na moja baada ya hukumu. Bwana Fulani alichaguliwa. Alikaa Barazani miaka minne, akaongea juu ya nauli za reli, juu ya bei ya mkonge, juu ya barabara ya kwenda klabuni kwao. Babu alikuwa akisoma magazeti yote. Neno maji alilikuta mara moja, Bwana Fulani alipolalamika kwamba aliyowekewa mezani hayakuwa baridi.

Mkacharo hakukata tamaa upesi. Mwaka wa tano, alipokuja hakimu mwingine, Mwingereza, alikwenda tena akiwa amebeba mchi wake kama ushahidi. Hakimu akafungua faili.

"Kesi hii imekwisha, mama. Hukufungwa."

"Basi kufuli litolewe."

"Faili haisemi mfereji ni wako."

"Inasema ni wa shamba?"

"Haisemi hivyo pia."

"Basi nishtakini tena. Nitalivunja leo leo, mniamulie."

Hakimu akacheka kidogo, akafunga faili. "Kwa jambo hilo hilo? Mtu hashtakiwi mara mbili kwa kufuli lile lile la zamani, mama. Na hilo jipya ukiligusa utafungwa, maana sasa ni miaka mitano limekaa pale na hakuna aliyesema halina haki."

Hapo ndipo utamu wote wa methali hii ulipo, na mimi hata leo nikifika hapo chai inanipalia. Yule aliyeogopa kusema ndiye aliyesema. Kimya chake kilikaa miaka mitano langoni, kikaota mizizi, kikageuka hati ya kumiliki.

Mkacharo alitoka akakaa kwenye ngazi za mahakama, mchi mapajani. Vijana wa rika lenu waliokuwa wakipita walimwamkia, wakamwuliza, "Mama, leo umeshinda au umeshindwa?"

Akawaangalia mmoja mmoja, kama ninavyowaangalia ninyi, akasema, "Wanangu, hukumu ya tatu haina mlango."