Mwisho Saa Nane

Kaeni vizuri, na anayejua kuhesabu aandae vidole, maana leo vitahitajika vyote kumi.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Zamaradi, mpanga safari za malori, alikuwa na kipaji cha maneno machache: jambo la ukurasa mzima yeye alilimaliza kwa mstari mmoja. Chiduo, dereva, alikuwa na kipaji cha utii. Akiambiwa simama, anasimama. Akiambiwa nenda, anakwenda. Na mzee Lugendo wa kwenye mizani, pale malori yanapopimwa uzito na madereva wanapokaguliwa, alikuwa na kipaji cha kuwaamini watu. Maisha yake yote hakuwahi kumwita mtu mwongo.

Vipaji vizuri, sivyo? Basi siku moja vilikutana barabarani vikamuua Shomari, fundi pancha wa Mlolwa, mtoto wa pekee wa Bi Tausi.

Siku ya tatu ya msiba wote watatu walikuja kutoa mkono wa pole. Bi Tausi alikuwa ameketi mkekani, mikono ameifunika kwa kanga. Hakuitoa.

"Nitapokea mikono miwili," alisema. "Wa tatu siupokei mpaka naingia kaburini. Nikiwapokea nyote, mwanangu atakuwa ameuawa na bahati mbaya. Nikiwakataa nyote, kosa litakuwa la wote, na kosa la wote halina mwenyewe. Haya, semeni."

Zamaradi akaanza. "Mama, sheria yetu ni kwamba dereva asikae kwenye usukani zaidi ya muda wa saa nane kwa siku. Zikitimia, aegeshe alale. Chiduo alikuwa mgeni kazini, nikamwandikia kwenye karatasi ya safari: Mwisho saa nane. Aliondoka saa kumi alfajiri. Nilijua ikifika saa sita mchana atakuwa ameegesha."

"Si ungeandika masaa nane!" akadakia jirani mmoja. "Hata mtoto angeelewa."

Zamaradi akainamisha kichwa. "Mwalimu alinichapa kwa neno hilo. Alisema 'masaa' si Kiswahili. Tangu siku ile sijaliandika tena."

Jamani, fimbo ya darasani nayo husafiri mbali.

"Shikamoo, mama," alisema Chiduo. Hakuitikiwa. "Mimi nilisoma mwisho saa nane, nikajua ni saa nane mchana. Kuanzia saa sita macho yalikuwa mazito. Nilijimwagia maji, nikatafuna pilipili mbichi. Mwili uliniambia simama, karatasi ikaniambia bado. Kule nilikotoka, dereva akisimama kabla ya wakati aliopangiwa anafukuzwa. Lori lilipoacha njia likavamia kibanda cha Shomari ilikuwa saa saba na dakika arobaini. Mama, nilikuwa nimebakiza dakika ishirini."

Akalia, mtu mzima na ndevu zake. Bi Tausi aliyachukia yale machozi, kwa sababu yalifanana na yake.

Ikawa zamu ya mzee Lugendo. Alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe.

"Alifika mizani saa saba kasorobo, macho mekundu," alisema. "Nikamwuliza, 'Vipi, saa nane tayari?' Akanijibu, 'Bado, mzee.' Mimi niliulizia muda aliokwisha kuendesha, yeye akanijibu ya saa ya ukutani. Na karatasi nilikuwa nayo mkononi, imeandikwa aliondoka saa ngapi. Ningehesabu kwa vidole tu."

"Hukuhesabu," alisema Bi Tausi.

"Sikuhesabu, mama. Niliona kuhesabu mbele yake ni kumwita mwongo. Nikagonga muhuri, nikamtakia safari njema."

Msiba ukageuka baraza. Wengine walisema wa kukataliwa ni Zamaradi, maana angeongeza neno moja tu, Shomari angekuwa hai. Wengine wakasema Chiduo: karatasi haisinzii, anayesinzia ni mtu, na mwili wake ulimwonya. Wengine wakamgeukia Lugendo: hao wawili walikosea bila kujua, lakini yeye aliyaona macho mekundu kwa macho yake.

Bi Tausi alisikiliza wote. Hakuna aliyemwuliza yeye, naye hakusema.

Siku ile, saa saba juu ya alama, Shomari alimpigia simu. "Mama, njaa inauma. Nije?"

"Maharage hayajaiva, baba. Njoo saa nane."

Shomari akacheka, akasema haya. Akakaa juu ya tairi bovu ndani ya kibanda chake, akaingoja saa nane. Mama alipakua, akafunika sahani, akaketi mlangoni kumsubiri. Chakula kilipoa.

Sasa kanga inatikisika. Mkono wa kulia umechomoza, umesimama hewani. Mbele yake imenyooshwa mikono mitatu: uliopunguza neno, ulioshika usukani, uliogonga muhuri.

Wasikilizaji, mmehesabu? Kama ni ninyi mkekani pale, mkono upi mngeuacha bila kuushika?

Na huo wa Bi Tausi, uliochelewesha maharage, nani ataupokea?