Mlango wa Mgono wa Semeni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama watu walioshiba? Sogeeni motoni, tuanze.

Hapo zamani za kale, kando ya bwawa lenye matete mengi, aliishi mzee Mtopa na mkewe Semeni. Mtopa alikuwa mvuvi wa kambare. Sisemi wale wakubwa wa kubebwa begani. Nasema wale wadogo, weusi, wenye masharubu, wanaoteleza mkononi kama sabuni na kukuchoma kwa miiba ukiwashika ovyo.

Mwaka mmoja homa ilimshika Semeni mwezi mzima. Ilipomwachia, ilimwacha hana hamu ya kula. Uji aliusukuma, ndizi akazisukuma, hata kuku aliyechinjwa na jirani aliishia kuliwa na jirani mwenyewe. Alisema koo lake lingekubali kitu kimoja tu, mchuzi wa kambare wadogo wa bwawani. Mtopa akafurahi, maana hiyo ndiyo kazi yake. Kumbe kazi yenyewe aliijua nusu.

Kijijini kwao mgono, ule mtego wa fito unaolazwa majini, mke ndiye aliyeusuka na mume akautega. Mlango wake, uliochongoka kuelekea ndani ili samaki ajibane kuingia na asiweze kutoka, ulipimwa kwa ngumi ya mke. Ngumi ikipita kwa kubanwa kidogo, mgono umekamilika. Migono yote ya Mtopa ilikuwa imeoza wakati anauguza. Na mgonjwa kwao hapimwi kitu, kwa kuwa anayepimwa akiwa kitandani huonekana kama anapimiwa sanda. Basi mzee wa watu akajificha nyuma ya nyumba, akasuka mwenyewe, akapima kwa ngumi yake. Na ngumi ya Mtopa, jamani, ilikuwa kama boga.

Akatega. Asubuhi akakuta kambare mmoja amejilaza ndani, anamalizia chambo.

"Tumeingia, tumekula, tunatoka," akasema kambare. "Ahsante, mzee Mtopa."

Akatoka zake. Mtopa akarudi nyumbani, akamwambia mkewe kwamba samaki wamejificha. Semeni akanywa mafunda mawili ya maji, akageukia ukutani.

Siku ya pili Mtopa akaongeza chambo. Kambare walikuja na jamaa zao.

"Tumeingia, tumekula, tunatoka. Ahsante, mzee Mtopa."

Siku ya tatu akauhamisha mgono, akauficha penye matete mazito. Asubuhi kambare yule yule alikuwa akimsubiri, tumbo limemjaa.

"Tumeingia, tumekula, tunatoka."

Mtopa akaketi kwenye tope, akalia waziwazi kama mtoto. Akasema mkewe anakufa kwa njaa, naye anawanenepesha kambare. Kambare alikuwa na mdomo mpana, na kuufunga hakujua.

"Mlango huu umepimwa kwa ngumi ya nani?" akauliza.

"Yangu."

"Ndiyo maana tunajipitia kama kwa shangazi. Mlango wa Semeni tuliuogopa tangu enzi za bibi zetu."

Mtopa akaenda nyumbani na tope lake, akasimama kando ya kitanda. Semeni akamtazama vidole vilivyochanwa na fito, akamwuliza nani amesuka mgono. Mzee akakiri yote. Semeni akacheka, mara ya kwanza tangu homa imshike.

"Nipime, mume wangu," akasema.

"Siwezi. Unajua wanaopimwa kitandani ni kina nani."

"Wale hawasemi. Mimi nasema nipime."

Akakunja ngumi, akamnyooshea. Mtopa akaishika. Ilikuwa ndogo kama yai la bata, mifupa mitupu, na mzee aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mamba. Aliishika kwa muda mrefu kuliko kipimo kinavyohitaji. Kisha akaenda kuubana mlango wa mgono.

Siku ya nne msemaji wetu alikuwa nje, ananusa chambo, kichwa hakipiti. Ndani walijaa kambare wa ukubwa wa kidole, wanazunguka tu.

"Wameingia, wamekula, hawatoki," akasema Mtopa. "Ahsante, bwana kambare."

Akawapika mchuzi. Samaki wenyewe walikuwa laini, hawakumpa koo taabu. Semeni akala mmoja, akala wa pili, wa tatu akaomba na chumvi.

Wiki iliyofuata Mtopa akampima tena mkewe, ngumi haikupita mlangoni. Akafumua mlango, akaupanua kidogo. Baada ya wiki nyingine akafumua tena. Majirani wakaacha kumwuliza hali ya mgonjwa. Walichungulia kapu lake tu. Wakiona samaki wa kidole, walitikisa vichwa. Wakiona wa kiganja, walikwenda zao wakiimba.

Ikafika asubuhi moja, Mtopa akauinua mgono, akamkuta yule msemaji mwenyewe ndani. Ameingia, amekula, amegeuka, amekwama, na kwa mara ya kwanza hana la kusema. Mtopa akamtazama: kichwa kile kimepita mlango wa ngumi ya Semeni. Akauachia mgono majini, akasahau kapu, akasahau hata kandambili zake, akakimbia nyumbani mikono mitupu kumwambia mkewe kwamba amepona.

Hadithi yangu imefika mlangoni kwao, nami siingii. Naiacha hapo.