Neno Lililotengwa Bila Kazi

Wapendwa, palikuwa na kijana mmoja wa Njombe, mwandishi wa programu za kompyuta. Msinitazame hivyo. Mimi niliishia la saba, lakini kompyuta nimewahi kuiwasha, na ikawaka.

Kijana huyu aligombana na mama yake, akaondoka kwa hasira, na simu akaacha kupiga. Si kwamba alisahau. Kila mvua iliponyesha mjini aliukumbuka moshi wa jikoni kwao, viazi vilivyochomwa kwenye majivu, na redio ya betri ikikwaruza taarifa ya habari. Alitamani kurudi. Lakini alijiambia wadogo zake wameshaoa, nyumba imejaa, nafasi yake walishagawana zamani.

Siku moja alikuwa akitengeneza programu ya malori ya viazi. Mahali pa kuandika lori linakokwenda akapaita "goto", Kiingereza cha "nenda". Mashine ikakataa. Akarudia, ikakataa. Akamlalamikia dada wa meza ya pili kwamba kompyuta imerogwa. Yule dada akacheka, akamweleza kwamba kila lugha ya kompyuta ina maneno iliyoyatenga, na huruhusiwi kuyafanya jina la kitu chako.

"Haya, na hili linafanya kazi gani?"

"Hili halina kazi, kaka. Tangu lugha hii ianze halijapewa. Ila nafasi yake hapewi mwingine."

Kijana akafunga kompyuta. Wiki ile ile akaenda kwao.

Kweli nyumba ilijaa. Wajukuu walilala kwenye mikeka mpaka sebuleni. Lakini chumba cha nyuma, kitanda chake cha kamba kilikuwa kimetandikwa, blanketi lile lile la mistari. Machozi yakamtoka.

"Mama, kumbe ulinitunzia."

Mnadhani mama alimkumbatia? Alimtazama kwanza.

"Nilikutunzia, baba. Watoto wanalala chini na baridi hii, mimi nalinda kamba."

Mmesikia, ndugu zangu? Sisi tunatembea vifua mbele: nilibatizwa hapa, nafasi yangu kwa Mungu ipo. Ni kweli, ipo, na hapewi mwingine. Lakini ni nani anapigwa baridi kwa sababu sisi hatujaja kuikalia? Mgonjwa gani anasikiliza mlango? Mjane gani paa lake linavuja, na fundi amekaa benchi hili hili akiniitikia amina?

Nafasi ipo. Wewe uko wapi?