Maharage Manne ya Shemdoe

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi bali hii ya juzijuzi, Korogwe palikuwa na chama cha watu wanaojifunza kusema hadharani. Kila Jumatano jioni walikutana kwenye darasa la ushonaji, katikati ya vyerehani. Mtu huvuta karatasi ya mada koponi, husema dakika tatu, na kila akitoa "eeh", Bi Mwanaheri hudondosha harage kwenye sahani ya bati. Ti! Mwenye maharage machache ndiye mshindi.

Shemdoe, fundi wa friji, alikuwa na kigugumizi. Miaka sita alihudhuria, miaka sita akashindwa. Kuna siku maharage yake yalitosha mboga ya watu wanne.

Jumatano hiyo mshindi angekwenda Tanga kukisemea chama kwenye mashindano ya mkoa. Shemdoe aliitaka safari hiyo mpaka akakosa usingizi. Mapunda, karani wa mahakama, akavuta "Ndoo", akasema, akapata maharage sita. Ikabaki zamu ya Shemdoe.

Hapo shaka ikamwingia. Hiza, mshika kopo, alimletea kopo hadi kifuani. Tangu lini? Wenzake wote waliinuka wakalifuata mezani. Akavuta: "Baridi." Mada aliyoifanyia mazoezi mwezi mzima, peke yake gereji, friji mbovu zikimsikiliza! Akatazama huku, akatazama kule. Kila uso ulimtia wasiwasi. Kisha akasema. Alieleza habari za mama muuza maziwa aliyeililia friji kama maiti. Watu wakacheka, wakanyamaza, wakapiga makofi. Ulimi ulikwama zaidi ya mara kumi, mwenyewe alihesabu. Sahanini, maharage manne.

"Mshindi huyo!" watu wakapaza sauti.

Shemdoe hakuketi. Akalipindua kopo juu ya cherehani. Karatasi saba zilizobaki: Baridi, baridi, baridi, zote baridi.

"Hiza!" Mapunda akaruka. "Kumbe wewe mganga wa makaratasi!"

"Nilimsikia akijizoeza, nikazibadilisha ulipomaliza wewe," Hiza akasema. "Shemdoe hakujua. Mada nilimpa mimi, ulimi sikumpa. Aende yeye."

"Na wewe dada, maharage yalikugandia kiganjani?" Mapunda akamgeukia Bi Mwanaheri.

"Thubutu!" Bi Mwanaheri akasema. "Leo nimehesabu 'eeh' tu. Kukwama ulimi si 'eeh'. Miaka sita nimemdondoshea maharage yasiyo yake. Aende yeye."

"Umeliona leo tu, nikiwa mbele mimi?" Mapunda akasema. "Nilivuta nisichokijua, nikasema. Ningejua ndoo inakuja, ningewaliza mpaka vyerehani. Niende mimi."

Wote wakamgeukia Shemdoe.

"Ni-nilishuku tangu nilipoletewa kopo," akasema. "Nikasema kwanza, nikachunguza baadaye. Hilo kosa langu. Lakini kopo nimelipindua mwenyewe, hakuna aliyenituma, na maneno ni yangu. Bado na-naitaka Tanga."

Wakapiga kura: saba kwa Shemdoe, saba kwa Mapunda. Mwenyekiti akakataa kuamua peke yake. Mmoja shemeji yake, mwingine jirani yake.

Basi amueni ninyi mliosikiliza, na msiniangalie mimi. Yupo aliyesema vizuri kwa mada aliyopangiwa kwa hila, kisha akaifichua hila hiyo. Yupo aliyesema bila kubebwa na mtu. Je, nani aliistahili safari ya Tanga?