Gari la Marehemu na Chai ya Mgeni

Mtu mmoja alikuwa na gari la mbio, naye alifariki Alhamisi ya tarehe tisa Mei, saa kumi na moja alfajiri, gari likiwa limeegeshwa uani chini ya turubai. Jina lake Elinaja. Alikuwa mzee wa kanisa huko Machame, na kabla ya uzee huo alikuwa dereva wa lori. Lori lilipomchosha aliliuza, akanunua gari jekundu la milango miwili kutoka Japani, lenye turbo na injini ya rotari. Majirani walimcheka. "Mzee wa kanisa na gari la wahuni! Siku ya kwenda mbinguni utalipita geti bila kuliona." Naye aliwajibu, "Nitafunga breki. Petro atanijua kwa rangi."

Alimwacha mkewe, Ndeonasia, na watoto, na nyumba ya tofali iliyokuwa imefika kwenye lenta, juu ya madirisha, bila paa. Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na vyumba vya udongo walimolala, na ukuta mmoja wa vyumba hivyo ulikuwa umeanza kuinama, ukashikiliwa na magogo. Kila mtu pale nyumbani alijua hesabu ilivyo. Gari likiuzwa vizuri, nyumba ingeezekwa kabla ya mvua za vuli. Lisipouzwa vizuri, watoto wangelala tena chini ya ukuta ule.

Ndeonasia hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Lakini katika miezi ya ugonjwa, mumewe alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani, alikuwa akimweleza habari za gari, na mke alisikiliza kwa sababu akizungumzia gari maumivu yalikuwa yanampa nafasi ya kupumua. Alimwambia kwamba ndani ya injini ile hakuna pistoni zinazopanda na kushuka. Kuna kitu cha pembe tatu kinachozunguka, na kwenye kila pembe pana kipande chembamba cha chuma, kama ukucha, kinachoziba pumzi isitoroke. Vipande hivyo vikilika, injini inakosa nguvu ya kuamka. "Mtu akija kulitazama," alisema, "usimsimamie kama polisi. Mfungulie kila kitu. Aangalie chini kama chesisi imewahi kupinda. Afungue rejeta likiwa baridi, aone kama maji yanatoa mapovu. Mwambie ukweli kwamba linakula oili kidogo, ndiyo asili yake, lakini likitoa moshi wa bluu mfululizo, basi turbo imechoka. Akitoka kuliendesha kwa nguvu asilizime papo hapo. Aliache lingurume kidogo, turbo ipoe." Kisha akamalizia lile alilolihesabu kuwa kubwa. "Rotari haisemi kweli ikiwa baridi. Asubuhi kila rotari ni nzima. Aliendeshe mpaka lipate moto sawasawa, alizime, aliwashe tena. Hapo ndipo mtajua kama lina pumzi." Yeye mwenyewe alikuwa hajaligusa tangu augue. Kwa kadiri alivyojua, alikuwa ameliacha zima.

Baada ya arobaini watu walianza kuja. Ndeonasia alifanya kama alivyoambiwa, neno kwa neno. Aliwafungulia boneti, akawaambia habari ya oili, akawakabidhi ufunguo waende mpaka barabara ya lami na kurudi. Waliporudi, walilizima. Na kwa kuwa katika nyumba ile mgeni hajawahi kusimamishwa uani kama mdai, walikaribishwa ndani. Chai ililetwa, na viazi vikuu, na sala, na maswali ya msiba, maana mtu hawezi kuingia kwenye nyumba ya mjane akanywa haraka haraka. Baadaye walitoka, wakaliwasha tena mbele yake. Liliwaka. Ndeonasia alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba agizo la mumewe limetimia. Mteja wa kwanza hakununua kwa sababu mkewe aliuliza mama mkwe atakaa wapi. Wa pili alisema atarudi, wala hakurudi.

Ndipo Ndesario, mdogo wa marehemu, alipolipeleka gari sokoni kulitia mafuta. Alizima kwenye kituo cha mafuta, akalipa, akageuza ufunguo. Gari likagoma. Vijana walisukuma, halikusikia. Alikaa juu ya kreti ya soda mpaka injini ikapoa, kisha likawaka kama halikuwa na neno. Alirudi nyumbani anacheka.

"Shemeji, kumbe chai yako ndiyo fundi! Mnyweshe mteja mpaka atosheke, gari linapona."

Ndeonasia hakucheka. Alielewa alichokuwa amekifanya bila kujua. Alikuwa amelishika neno la mumewe kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine, ule wa kumimina birika, alikuwa amelifuta. Hakuwa amemdanganya mtu. Alikuwa amewakirimu tu, na ukarimu wake ulikuwa umekaa kati ya macho yao na ile injini kama pazia.

Ndesario aliona uso wake, akaacha kucheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiuona ukuta ule kila siku. "Sasa usianze," alimwambia. "Umeulizwa swali ukajibu uongo? Hujaulizwa. Umempa mgeni chai. Tangu lini chai ikawa dhambi, mama? Hata mchungaji anainywa."

"Sijasema ni dhambi."

"Basi endelea kuipika."

Jumamosi iliyofuata alikuja mteja wa tatu, Bwana Hashimu wa Korogwe, mtu mpole mwenye macho ya kupenda magari. Alimwamkia mama shikamoo, akampa pole ya msiba, akavua saa yake kabla ya kuingiza mikono kwenye injini. Alilala chini kwenye majani kuangalia chesisi. Alifungua rejeta, akatazama maji kwa muda mrefu, hayakutoa povu. Alipitisha kidole ndani ya bomba la moshi. Alisikiliza mlio likiwa linaamka asubuhi ile ya baridi, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyesikia kwaya aliyoipenda utotoni. Kisha alikwenda nalo barabarani pamoja na Ndesario, na Ndeonasia akabaki uani akiusikiliza mlio ukipanda mlima, ule mlio aliozoea kuusikia kila Jumapili baada ya ibada. Aliingia jikoni. Chai ilikuwa tayari. Aliipanga kwenye sinia, vikombe na viazi na sukari, kama alivyofanya siku zote.

Walirudi. Hashimu aliacha injini ingurume kidogo, kama anayejua, kisha akaizima. Alishuka akitabasamu. "Mama, marehemu alilitunza hili kama mtoto. Mimi nalichukua."

Ndesario alipiga makofi. "Shemeji! Mgeni ametoka mbali, mkaribishe ndani apate chai."

Ndeonasia alisimama mlangoni na sinia mikononi. Kutoka pale aliweza kuuona ukuta na magogo yake. Aliweza kumwona mwanawe mdogo akiwa ameketi chini ya ukuta, akichora ardhini kwa kijiti. Mtu mwingine angesema kitu kirefu, angeeleza, angelia. Yeye aliweka sinia chini, pale pale kizingitini, akanyoosha mgongo.

"Chai itangoja," alisema. "Liwashe tena sasa hivi, likiwa bado na moto."

Hashimu alimtazama, akaingia garini, akageuza ufunguo. Starta ilizunguka, ikazunguka, ikawa inalia kwa sauti nyembamba, na injini haikuitika. Akajaribu tena. Joto lilikuwa likipanda juu ya boneti, hewa ikitetemeka. Akajaribu mara ya mwisho, kisha akaachia ufunguo na kuweka mikono magotini. Ndesario aligeuka akaenda kusimama kwenye migomba, akiwapa mgongo.

"Nani alikufundisha hilo, mama?" Hashimu aliuliza.

"Mwenye gari."

Hashimu alinawa mikono. Alikunywa chai ile, na viazi alikula, kwa maana hakutaka mama aone kwamba ameondolewa heshima. Alipomaliza alisema kwamba gari bado analitaka, ila atalinunua kama gari ambalo injini yake lazima ifunguliwe, na bei itakuwa ya gari la namna hiyo. Ndeonasia alikubali. Hashimu hakutaka kuiwasha tena injini kabla haijafunguliwa, basi wakalivuta kwa kamba jioni ile, jekundu, likishuka mlima bila mlio wowote, na majirani walitoka kulitazama, na safari hii hakuna aliyefanya utani.

Mabati yalitosha upande mmoja wa nyumba. Watoto walihamia upande huo, wakalala mbali na ule ukuta. Upande wa pili ulibaki wazi, na vuli nzima mvua ilinyesha ndani yake. Watu waliopita njiani waliuliza kwa nini nyumba imeezekwa nusu. Ndesario ndiye aliyekuwa akiwajibu, mwanzoni kwa hasira, na baadaye kwa sauti ambayo ungedhani ni ya majivuno: "Shemeji yangu alikataa kumnywesha mtu chai mapema."

Ndugu zangu, gari lile ni mtu. Rangi yake nzuri ni sifa zetu, na turbo ni ile nguvu inayotusukuma kupita wenzetu. Kile kipande chembamba kama ukucha ni dhamiri, ambayo hakuna anayeiona mpaka injini ifunguliwe. Asubuhi, tukiwa tumelala vizuri na hakuna aliyetuudhi, sote tunawaka. Lakini mtu hajulikani hapo. Anajulikana akiwa ametoka mlimani, hasira ingali inatokota, msiba haujapoa, kisha anaambiwa: samehe sasa, inuka uombe, anza tena. Mama yule hakuwa na hila yoyote. Alikuwa na ukarimu, na siku alipoona kwamba ukarimu wake unaficha ubovu, aliuweka chini akaacha ukweli utangulie. Je, wewe unayesifiwa kwa upole na kwa ukarimu, ni birika lipi unalowamiminia watu ili upate muda wa kupoa kabla hawajakujaribu?

Ee Bwana, umpokee Elinaja, na wote waliotutangulia ambao kila mmoja wetu anawataja moyoni mwake hivi sasa. Wewe uliwajua wakiwa na moto na wakiwa wamepoa, wala hukuwakataa. Uwafute jasho la safari, uwapumzishe mahali pasipo mlima wa kupanda, na sisi tuliobaki utupe pumzi ya kuamka tena mpaka tuwaone. Amina.