Mfalme Kiboko Anunua Chungu

Jamani, kabla sijaanza naomba radhi kabisa, tena mapema. Hadithi hii nitaiharibu. Aliyenipa ni shangazi yangu, na yeye akiisimulia hata mbuzi waliacha kutafuna. Mimi nikiisimulia, mbuzi hutafuna shati langu. Nacheka kabla ya mahali pa kuchekea, nasahau nani kasema nini. Basi nivumilieni, na anayeijua kuliko mimi anyamaze hivyo hivyo.

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa gani? Mmekula au mmenusa tu? Paukwa!

Pakawaaa!

Ehee! Sasa kaeni.

Hapo kale na kale, watu na wanyama walipokaa mtaa mmoja na kugombana kwa lugha moja, palikuwa na nchi yenye gulio moja kubwa. Mfalme wake alikuwa Kiboko. Mpana! Alipoketi yeye, kiti kilipiga shahada.

Nchi hiyo ilikuwa na mwiko: muuzaji hanunui kitu mpaka yeye mwenyewe auze kwanza. Ukinunua kabla hujauza, umejifungia baraka, siku nzima utauzia nzi. Mwiko huo haukumsumbua mtu, maana kila asubuhi ya gulio wageni wa nchi jirani walikuja, wakanunua, wakawafungulia watu biashara. Gulio likachemka.

Mwaka mmoja ukame ukaipiga nchi jirani. Wageni hawakuja. Leo hawakuja, kesho hawakuja, mtondo hawakuja.

Palikuwa na mfinyanzi, Bi Mashavu, mjane wa watoto watatu wenye meno makali. Vyungu vilimjaa nyumbani mpaka watoto wakalala ndani yake. Akamwendea Kigogota, seremala.

"Kaka Kigogota, chungu!"

"Nakitaka, dada! Changu kimepasuka, napikia kwenye kofia. Lakini nauza kwanza, ndipo ninunue!"

"Si umuuzie Fisi gogo?"

Wakamwendea Fisi, muuza nyama. Msinitazame hivyo! Alikuwa mwaminifu, ila alilia kidogo kila akikata.

"Gogo nalitaka," akasema Fisi, "nakatia nyama pajani, tazama makovu! Lakini nauza kwanza, ndipo ninunue!"

"Si umuuzie Ngedere nyama?"

Wote wakaenda kwa Ngedere, muuza ndizi, naye akajishika kichwa. "Nyama naitaka, dada yangu. Mke wangu mjamzito, anatamani supu, kaapa nisipoleta atatafuna mkia wangu. Lakini nauza kwanza, ndipo ninunue!"

"Na mimi nazitaka ndizi zako," akasema Bi Mashavu, "ila sijauza."

Wakatazamana. Ndizi zinaoza, nyama inanuka, vyungu vinapata vumbi, na kila mmoja ana haja na cha mwenzake! Jirani saba wa Bi Mashavu walikuwa wameshahama. Siku watoto walipokula boga la mwisho na maganda yake, akafunga mizigo. Akasema, "Gulio lijalo nisipouza hata chungu kimoja, nawabeba wanangu, nahama."

Serikali nayo, msidhani ililala. Waziri wa Ghala alikuwa Panya Buku, mnyama ambaye hata kukohoa alikohoa nusu, nusu akaweka akiba. Akamwambia mfalme, "Hali ni mbaya. Watu wafunge mikanda."

Kiboko akatoka barazani akatangaza, "Fungeni mikanda!" Yeye mwenyewe hajapata kuona mkanda wa kumzunguka, lakini alitangaza kwa uchungu sana. Wapiga ngoma wa ikulu wakaachishwa kazi. Wafagiaji wakaachishwa kazi. Sasa hao, wasiouza kitu, ndio ambao wangeweza kununua ndizi mbili tatu kwa ujira wao! Nao wakaja gulioni, wakatandika mikeka, wakauza mifagio na vijiti vya ngoma. Wauzaji wakazidi, wanunuzi hakuna.

Panya Buku akasema, "Tuunde tume." Tume ikaundwa. Ikakaa siku tisa, ikala mbuzi tisa, ikatoa taarifa: *gulioni wanunuzi hawapo*.

Kesho yake Bi Mashavu akabeba chungu kichwani, akaenda ikulu.

"Mfalme wangu, nimekuja kuaga. Gulio lijalo nisipouza, nahama."

"Unakwenda wapi, mama?"

"Popote watu wanapovunja vyungu wakanunua vingine."

"Hapa kwa nini hawanunui?"

"Kila mmoja anangoja auze kwanza."

"Hata mimi nangoja," akasema Kiboko kwa huzuni. "Nangoja mambo yakae sawa."

"Wewe unangoja uuze nini, mfalme wangu?"

Kiboko akafungua kinywa. Mnakijua kinywa cha kiboko: kikifunguka, hata jibu linapotea njia. Mwisho akasema, "Mimi siuzi kitu."

"Basi mwiko haukushiki. Nchi nzima ni wewe peke yako unayeweza kununua kwanza."

Panya Buku akaruka. "Mfalme! Simbi za ghala, fedha yetu yote, ni akiba ya siku mbaya!"

"Panya Buku," akasema mfalme, "chungulia dirishani. Hiyo ya leo ni siku gani?"

Panya Buku akachungulia. Akakuna sikio. "Mbaya," akasema. "Mbaya kiasi."

"Fungua ghala."

Siku ya gulio mfalme akatembea mwenyewe mpaka kwa Bi Mashavu. Tatizo, Kiboko hajapata kununua kitu maisha yake yote. Kila kitu huletewa! Alichosikia tu ni kwamba mnunuzi hubishana.

"Simbi kumi," akasema Bi Mashavu.

"Kumi?" akanguruma mfalme. "Wizi mtupu! Ishirini!"

"Mfalme wangu, hapo unatakiwa ushuke..."

"Thelathini, au naondoka!"

Panya Buku akazirai. Bi Mashavu akamhurumia mfalme, akachukua kumi na mbili.

Alipozishika tu, akakimbia kwa Ngedere. "Nimeuza! Ndizi!" Ngedere akaruka kwa Fisi. "Nimeuza! Nyama!" Fisi akachechemea kwa Kigogota. "Nimeuza! Gogo!" Na Kigogota akaruka mpaka kwa Bi Mashavu. "Nimeuza, dada! Chungu, nimechoka kula supu yenye jasho la kichwa!"

Mfalme alipoona hivyo akapata wazimu wa kununua. Akanunua mifagio yote, halafu akagundua hana wa kufagia, akawaita wafagiaji. Akanunua vijiti vya ngoma, akawaita wapiga ngoma. Jua lilipotua ngoma zililia, na ushuru wa gulio ukamiminika ghalani mpaka Panya Buku, aliyekuwa bado amelazwa chali, akafungua jicho moja. Bi Mashavu alikuwa nyumbani, mizigo imefunguliwa, ndizi zinatokota, na watoto watatu wamezunguka moto wakigombania ukoko.

Hadithi yangu imekaa kitako hapo, haitaki kuinuka tena.

Mnauliza, mbona mtaani kwetu biashara imelala, na Panya Buku hatuna? Mzee Shekue, muuza kahawa, amepita hapa na birika lake mara tatu tangu tuanze. Mara tatu nimemnong'oneza, "Subiri kwanza, labda hawa watanitunza chochote." Sasa kachoka, kamwaga kahawa, kaenda kulala. Msiilaumu serikali, jamani. Ni mimi.